Kamba ya Dume

Ganda la chumvi lilipasuka Alhamisi saa nne asubuhi, na pikapu ikazama mpaka kwenye bodi. Xavery alikanyaga mafuta mara tatu. Magurudumu yalizunguka, yakarusha tope jeusi, gari likazidi kulala. Akazima injini. Nyuma, ng'ombe dume aliyefungwa kwa kamba akapiga chafya.

"Nilisema tuzunguke, mzee," Xavery alisema.

Kweli alisema. Barabara ya Getanuwas ilikuwa ndefu lakini ngumu. Ziwa hili la magadi lilikuwa limekauka juu tu. Masika yalipita majuzi, na chini palikuwa uji mtupu. Lakini mzee Tawakali alikuwa na haraka yake. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka Katesh, mtu mwenye kitambi cha heshima, na kila Idi ya kuchinja, dume wake ndiye aliyezungumzwa mjini. Mwaka huu alipata mkubwa kuliko wote, mwekundu, nundu imejaa. Idi ilikuwa Jumamosi. Alitaka aingie naye mjini kesho, wakati watu wanatoka kusali Ijumaa, wamwone. Hilo hakumwambia mtu. Alisema tu njia ya ziwani ni fupi.

Simu hazikushika mtandao. Kila upande palikuwa peupe, na mbali kabisa Mlima Hanang ulikaa bluu, hauna msaada kwa mtu. Maji yalikuwa kwenye dumu moja la lita tano, nayo yamebaki nusu.

Walichimba kwa sufuria na mikono. Walipojaribu kuinua gari, jeki iliteleza, chuma kikampasua Xavery mguu juu ya kifundo. Akafunga jeraha kwa shati lake, akakaa kwenye kivuli cha gari bila kulalamika. Alikuwa mkulima wa Masieda aliyekodiwa kuendesha, amezoea kuumia kazini na kunyamaza.

Adhuhuri ilipoingia, Tawakali alichukua dumu. Akakunja mikono ya shati, akatawadha taratibu, kila kiungo mara tatu, maji yakichuruzika kwenye chumvi.

"Mzee, hayo ndiyo maji ya kunywa."

"Mimi nasali, Xavery. Wewe Mkatoliki, haya huyajui."

Akasali sala ndefu kuliko zote alizowahi kusali dukani kwake. Alipotoa salamu, dumu lilikuwa na maji ya vikombe vitatu hivi. Xavery alilitazama, akageuza uso.

Walingoja siku nzima. Hakuna gari lililopita, na ni nani mwenye akili angepita huko? Usiku waliupitisha kwa baridi, wamejibanza kwenye kiti cha mbele.

Ijumaa alfajiri mguu wa Xavery ulikuwa umevimba na shati limeloa damu. Tawakali alifungua begi, akatoa kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya Idi. Aliishika kidogo. Halafu akaichana, akamfunga upya.

"Tuufuate mlima," alisema Xavery. "Hapa tutakauka."

Wakaanza kutembea, Xavery akimwegemea Tawakali begani, na mkono wa pili wa Tawakali ukishika kamba ya dume.

"Siwezi kumwacha dume wangu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kufika saa tano upepo ulikuwa umeinua vumbi na mlima umefichika. Maji yaliisha, mkupuo mmoja kila mtu. Midomo ilipasuka. Dume alivuta kushoto, Tawakali akamrudisha kulia. Akavuta tena, kamba ikamchuna kiganja. Walikwenda hivyo, wakivutana, mpaka Xavery akaanguka na hakutaka kuinuka.

"Ni adhuhuri sasa," alisema akiwa chini. "Sali, mzee. Safari hii utuombee wote."

Tawakali alipiga viganja chini kwenye vumbi. Akapaka uso, akapaka mikono. Xavery alikuwa anamtazama.

"Kumbe vumbi linaruhusiwa?"

"Linaruhusiwa. Nilifundishwa nikiwa mdogo."

"Na jana?"

Tawakali alitazama viganja vyake vyenye vumbi. Aibu ilimpanda kifuani, nzito kuliko kiu.

"Jana nilitaka unione."

"Nilikuona, mzee," Xavery alisema kwa uchovu, wala hapakuwa na hasira ndani yake.

Sala ile ilikuwa fupi. Paji la uso lilipogusa ardhi, Tawakali aliona jinsi alivyokuwa mdogo juu ya kitu kikubwa kisicho chake. Ardhi hii hakuipima yeye. Pumzi hii hakuinunua. Miaka ishirini alichinja akiangalia nani anaangalia. Akalia, machozi machache, maana mwili haukuwa na ya ziada.

Aliponyanyuka, Xavery alisema, "Anavuta kushoto tangu asubuhi. Ng'ombe ananusa maji. Mfungulie."

"Akipotea?"

"Ni wa nani, mzee?"

Tawakali alifungua fundo, akaiacha kamba ianguke. Dume alitikisa masikio, akashika kushoto bila kugeuka.

Wakafuata nyayo. Tawakali alimbeba Xavery mgongoni, akapumzika, akambeba tena. Kitambi cha heshima kililipa kwa jasho siku hiyo. Jua lilikuwa limeinama walipokuta miti ya miiba, korongo la mchanga, na kisima kilichochimbwa na wafugaji. Dume alikuwa ameingiza mdomo kwenye hori, na mwanamke mmoja alikuwa anamtekea maji.

"Shikamoo, mzee," alisema Natalia, maana ndilo jina lake, na kabla hajaitikiwa alishawapa kibuyu. "Kidogo kidogo. Msinywe kama ng'ombe."

Walilala bomani kwa Natalia. Asubuhi ya Idi Tawakali alisali peke yake kwenye mchanga, na suruali yake ya tope. Hapakuwa na jirani, wala simu yenye chaji ya kupiga picha. Halafu akaomba kisu.

Natalia alishtuka. "Huyu si ndiye aliyewaleta? Unamchinjaje?"

"Nilimtoa kabla hajatuleta, mama. Siwezi kumrudisha kwangu kwa sababu sasa nampenda."

Alimpapasa dume shingoni kwa muda mrefu. Xavery, mguu wake umenyooshwa, alishika kamba ya kuazima. Tawakali alikata vizuri, mara moja. Nyama ililiwa na boma zima, na iliyobaki ikapelekwa maboma ya jirani, kwa watu wasiojua jina lake.

Jioni shemeji wa Natalia aliwapeleka kwa pikipiki, kwanza zahanati, kisha Katesh. Watu walikuwa wamejaa barazani kwa Tawakali, wana njaa ya habari.

"Mzee, tulikusubiri! Dume yuko wapi?"

Tawakali alikuwa anamshikilia Xavery ashuke.

"Amefika," alisema, akaomba kiti kwa ajili ya mgonjwa.