Begi Lililokwisha Mapema

Siku ya soko mjini Kericho watu hawatembei, husukumwa. Mawingu ya mchana yalikuwa yameshakaa juu ya mashamba ya chai, na kila mtu alitaka kumaliza shughuli zake kabla mvua haijamwagika. Ndipo akatokea msichana mwenye sweta ya zambarau na gambuti za kijani, akipita kwa wauza mabegi huku amepanua mikono yote miwili kama anayetaka kukumbatia pipa.

"Nataka begi ya kitu kubwa hivi," alimwambia kila muuzaji.

"Ni tivi?"

"Si tivi."

"Ni sufuria ya harusi?"

"Ai, wacha basi!"

Walicheka. Muuzaji mmoja akamtolea sanduku gumu lenye magurudumu, jeusi, linang'aa, na msichana akalipenda pale pale. Alikuwa ameshaanza kulizungushazungusha wakati sauti ilipotoka kibanda cha pili.

"Sista, kabla hujabeba hiyo sanduku, hebu niambie unaenda kuweka nini ndani."

Aliyesema hivyo ni Zacheus, fundi wa kushona na kurekebisha mabegi, kijana mrefu mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni na shati jeupe ambalo dada yake Tabby alimpigia pasi kila asubuhi kwa manung'uniko. Udadisi ni ugonjwa, na Zacheus alizaliwa nao. Kitu asichokijua kilimnyima usingizi.

"Tuba," msichana akajibu.

"Ndiyo nini?"

"Ni tarumbeta. Ile kubwa kabisa. Inakaa nyuma ya zingine inafanya *buum*, unaskia kwa tumbo."

"Na inapigwa na nani?"

"Na mimi."

Zacheus akamtazama kutoka gambuti hadi kitambaa cha kichwani. Hakuwa mtu wa kujaza mlango. "Wewe? Na hiyo pumzi unaiweka wapi?"

"Utajua siku nikikupigia kelele," alisema msichana, na kicheko kikamponyoka. Aliitwa Janeffer, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai huko Kiptere, na tuba ilikuwa mali ya kanisa la kwao. Mwanabendi mmoja aliwahi kuanguka nayo kwenye pikipiki, mdomo mpana wa tuba ukapinda kama sikio la mbwa. Tangu hapo Mzee Kiptum, mtunza vyombo, aliweka sheria: tuba haitoki kanisani bila begi. Na mwisho wa mwezi kulikuwa na majaribio pale Nakuru ya kuingia bendi kubwa, kila mtu aje na chombo chake. Bila begi, hakuna Nakuru. Tena bila begi Janeffer hakuweza kufanya mazoezi nyumbani, maana kanisa lilifunguliwa Alhamisi jioni na Jumapili tu.

"Basi lete hiyo tuba niipime."

"Si nimekwambia haitoki bila begi?"

"Na begi haishonwi bila kuona tuba."

Walitazamana, wakaangua kicheko hata Tabby akainua kichwa kutoka kwenye cherehani. Janeffer akatoa mfukoni kamba ya katani yenye mafundo. "Nimepima na hii."

"Kamba inaniambia urefu. Hainiambii umbo. Itabidi nikuje huko kwenu." Kisha akaliashiria lile sanduku la magurudumu. "Na hiyo rudisha. Barabara ya kwenu ina lami mpaka mlangoni?"

"Ina matope mpaka mlangoni."

"Sasa magurudumu ni ya kutembelea wapi?"

Muuzaji wa sanduku alimkata Zacheus jicho la kuua. Mvua ikamwagika, na wote wakajibana chini ya bati moja. Janeffer alinukia majani mabichi ya chai. Zacheus aliona hilo, na aliona pia kwamba mvua hiyo ilikwisha haraka mno.

Alhamisi alikuwa Kiptere. Bendi ilikuwa imevaa makoti mekundu ya vifungo vya dhahabu, na koti la Janeffer lilimpwaya mabegani kama la kuazima. Tuba yenyewe ilikuwa imeketi juu ya benchi, ya shaba, mabomba yake yamejikunja yakapita hapa yakatokea kule, mtu asijue njia inaanzia wapi. Zacheus aliizunguka mara nyingi.

"Ikianguka inaumia wapi kwanza?"

"Hapa kwa mdomo. Halafu hivi vibonye. Kibonye ikipinda kidogo tu, haishuki tena."

"Na haya maji?"

"Ni pumzi. Inageuka maji ndani. Lazima nimwage."

"Kumbe inatoa jasho! Basi nikiweka nailoni ndani, itaoza." Akakuna kidevu. "Nje tuweke turubai, kama ile ya lori za chai. Katikati sponji ya godoro, nene upande wa mdomo na kwa vibonye. Ndani kabisa blanketi laini, ile ya watoto. Na zipu tuifunike isikwaruze. Mikanda iwe mipana, na mmoja ufunge kiunoni, ndio uzito usikuvunje mabega."

Janeffer alimsikiliza. Watu wote aliowahi kuwaeleza habari za tuba walitaka kujua kwa nini msichana asipige kitu kidogo. Huyu alitaka kujua inaumia wapi.

"Sasa piga niskie," Zacheus akamwambia.

Akapiga. Sauti ilitoka nene, ya taratibu, ikapita kwenye mbao za sakafu ikapanda miguuni mwa Zacheus hadi mbavuni. Akasahau futi mkononi. Akampenda pale pale, na asingeweza kukueleza kama ni mashavu yale yaliyofura au ni macho yaliyomtazama juu ya shaba.

"Kijana," Mzee Kiptum akamwita kutoka mlangoni, "unapima tuba ama unapima mpigaji?"

Baada ya hapo simu hazikukoma. Saa ya chakula cha mchana, wakulima wakiwa bado hawajaleta majani kituoni, Janeffer alipiga.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula sponji. Imejaa kwa meno yote."

"Na mimi unanikumbuka, ama unakumbuka tuba?"

"Tuba haina hiyo gepu ya meno, mrembo."

"Kumbe unaangalia meno ya watu!"

Jumamosi walitembea pamoja mjini wakila mahindi ya kuchoma, Janeffer na gauni la maua, Zacheus na shati lake la pasi. Msichana alimfundisha kusema *kongoi*, kwa Kikalenjin, badala ya asante, na Zacheus akaisema kwa kila mtu, hata kwa mbuzi aliyewapisha njia. Kwa kweli hao wawili walikuwa wameshapendana, aliyebaki kuambiwa ni jirani tu.

Kisha siku moja simu ikaja na furaha kubwa.

"Zacheus! Nimeambiwa tukipita majaribio tunaandikwa kazi! Bendi inatupatia mpaka nyumba, huko Nairobi!"

"Nairobi? Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kukaa. Si ufurahi basi, sweetie?"

"Nimefurahi," alisema, na moyo wake ukashuka kama ndoo kisimani.

Begi lilikuwa limekwisha. Lilikuwa mezani mbele yake, kila uzi umekatwa, na alikuwa karibu kumwambia aje alichukue. Hakumwambia. Alilibeba akalitundika nyuma ya pazia, katikati ya mabegi ya shule, akarudi kuketi.

Mafundi wote hudanganya, hilo tunalijua. Lakini wao hudanganya kwa sababu hawajaanza. Zacheus alidanganya kwa sababu alikuwa amemaliza. Mara zipu haijafika, mara sponji imeletwa nyembamba, mara cherehani imekata sindano. Kila asubuhi aliapa kusema kweli, na kila mchana Janeffer akipiga, sauti ile tamu ilimfanya aone nyumba ya Nairobi na yeye hayumo.

"Mpenzi, nasikia vibaya kukusumbua," Janeffer alisema. "Ni vile nafanya mazoezi siku mbili tu kwa wiki. Wenzangu wanapiga kila siku."

"Iko karibu, mrembo. Imebaki kidogo."

Alhamisi ya mwisho kabla ya majaribio Janeffer hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, amelowa, gambuti zimejaa matope. Zacheus alikuwa ameenda kununua uzi, na Tabby ndiye aliyekuwepo.

"Niambie tu ukweli, Tabby. Hata kama imebaki upande mmoja nitaichukua hivyo hivyo, nifunge na kamba."

Tabby alishangaa. "Ile begi yako? Si ilikwisha kitambo? Kwani hajakupigia?" Akavuta pazia.

Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Turubai ya kijani, mikanda mipana, na mahali pa vibonye pameshonwa mara mbili kwa mkono wa mtu aliyejali. Zacheus alifika na uzi wake akamkuta amelikumbatia.

"Tangu lini?" Janeffer akauliza.

"Janeffer, niskize kwanza..."

"Nimesema tangu lini?"

"Tangu siku uliniambia ya Nairobi."

"Nimekuwa nikikuombea zipu kanisani, Zacheus. Nikiomba Mungu zipu!" Machozi yalikuwa yameanza. "Kwa nini?"

"Niliogopa utaenda."

"Na ulifikiria nikikosa kwenda, nitakaa hapa nikikupenda?"

Janeffer akafunga mkanda kiunoni, akalibeba begi likiwa tupu, akaingia mvuani. Tabby akamgeukia kaka yake. "Wewe ni mjinga," alisema, na akarudi kushona.

Simu alizopiga Zacheus baada ya hapo hazikushikwa. Jumamosi ya majaribio ikapita, Jumapili ikapita, na Zacheus hakujua kama msichana wake alikuwa amepita au ameanguka. Alishona zipu ya begi la mteja kichwa chini. Hatimaye Alhamisi alivaa shati lake jeupe akaenda Kiptere.

Mzee Kiptum ndiye aliyekutana naye mlangoni pa kanisa. Begi lilikuwa juu ya benchi nyuma yake, limepakaa tope lililokauka.

"Fundi, hiyo begi ni nzuri kabisa. Wakitoka Nakuru, pikipiki iliteleza hapo kwa daraja ikalala juu ya begi. Tuba haina hata alama." Mzee akashusha sauti. "Lakini huyu msichana hajacheka tangu arudi. Hiyo pia ni kazi yako?"

"Ni yangu, mzee. Begi ilikuwa tayari. Nilimficha ukweli."

Mzee alimpima kwa macho, kisha akasogea kando kumpisha. "Basi mwambie yeye. Mimi sina mfuko wa kuweka hayo."

Janeffer alikuwa nyuma ya kanisa, anamwaga maji ya tuba kwenye nyasi. Hakuinua uso.

"Walisema pumzi yangu ni nzuri," alianza yeye. "Walisema hawajaskia pumzi kama hiyo. Halafu wakanipa karatasi ya wimbo nisome hapo hapo, na vidole vikakataa. Wamesema nirudi mwaka ujao."

"Ni mimi."

"Si wewe pekee. Lakini ni wewe. Sasa umenipata mwaka mzima. Furahi basi."

"Siwezi furahi. Sijala vizuri tangu uende. Nilikuibia, Janeffer, na sitasema ni mapenzi, mapenzi haifanyi hivyo. Nisamehe ama usinisamehe, lakini ni mimi."

Alisimama hapo mikono imelegea. Manyunyu yalianza. Janeffer aliinua uso hatimaye, na alikuwa na hasira, lakini pia alikuwa na swali ambalo lilikuwa limemsumbua njia nzima kutoka Nakuru.

"Hizo siku zote ulikuwa unafikiria vile utanizuia nisiende. Hata siku moja hukufikiria kuja na mimi?"

Zacheus aliwaza zipu, sponji, sindano, uongo wote aliouchagua kwa uangalifu, na katika hayo yote wazo hilo halikuwahi kumpitia. Aibu ikamshika hadi masikioni.

"Nairobi hawabebi mabegi?" Janeffer akaongeza.

"Wanabeba," alisema taratibu. "Wanabeba mingi. Janeffer, mwaka ujao ukienda, naenda. Ukipita tunakaa, ukianguka tunarudi wote. Lakini sitaki kwenda kama fundi wako. Nataka kwenda kama bwanako."

"Hiyo maneno haisemwi nyuma ya kanisa. Kwetu inasemwa na wazazi, wakiwa wameketi, baba yangu akiskia."

Zacheus hakuuliza tena. Alitoa simu akampigia mama yake huko Fort Ternan, akaongea Kikuyu haraka haraka, na Janeffer akaona uso wake ukibadilika mara wa kujitetea, mara wa kukubali. Kisha akamnyooshea simu.

"Anataka wewe."

Janeffer alipanguza mkono kwenye koti lake jekundu kabla ya kuishika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtoto wangu. Huyu kijana anasema nivae nguo nzuri, tuje kwenu na baba yake. Pia anasema amekukosea, na vile amenieleza ni makosa kubwa. Sasa mimi nauliza wewe. Umemsamehe?"

Janeffer alimtazama Zacheus. Mvua ilikuwa imeshika shati lake jeupe, na hakuthubutu hata kujipanguza uso.

"Bado, mama," alisema. "Lakini mkuje tu."