Mlango wa Moshi

Siku ya tatu baada ya Chirau kuchoma shamba lake, moshi ulikuwa umekwisha ondoka katika nyumba zote za mji ule isipokuwa nyumba yake.

Mbeyu, mkewe, ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa ametoka kisimani asubuhi, na alipoinama kuingia ndani aliona utando wa kijivu umelala chini ya makuti ya paa, umetulia kama nguo iliyoanikwa. Jiko lilikuwa halijawashwa. Alifungua mlango wa mbele na mlango wa uani ili upepo upite. Upepo wa kaskazi ulipita, ukazipeperusha leso zake kambani, lakini ule utando haukutikisika. Akachota maji katika mtungi uliokuwa pembeni, akaonja. Yalikuwa na ladha ya majivu.

Alijiambia kuwa ni msimu tu. Kila mwaka, kabla ya mvua za masika, watu wa bara ya Msambweni hufyeka koko, yaani vichaka vilivyoota shambani, na kulichoma, wapate pa kupanda mahindi na mihogo. Kwa wiki tatu au nne jua huchomoza jekundu na kutua jekundu, nguo zilizofuliwa hunuka moshi, na hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna asiyechoma. Mwaka huo wa 1958 msimu ule uliangukia mwezi wa Shaabani.

Lakini Mbeyu alikuwa na sababu ya kuuogopa moshi. Alikuwa amezaa watoto watatu na aliyebaki ni mmoja, Mwanasha, msichana wa miaka saba, naye kifua chake kilikuwa dhaifu. Kila msimu alikohoa. Alikohoa mara mbili fupi, kisha mara moja ndefu, kisha akavuta kamasi. Mama yake angekijua kikohozi kile katikati ya soko.

Asubuhi ile Mwanasha alikuwa amelala mkekani.

"Mama," alisema, "ni nani anayekohoa nikikohoa?"

"Ni bibi yako, mwanangu."

"Bibi yuko uani. Anatwanga."

Na kweli, mchi ulikuwa ukisikika kinuni. Mbeyu akasimama bila kutikisika. Mtoto akakohoa: mara mbili fupi, mara moja ndefu. Pembeni, kule penye mtungi, palikuwa kimya kidogo. Kisha pakakohoa vivyo hivyo, mara mbili fupi na mara moja ndefu, taratibu, kama mtu anayejifunza.

Mchana alipita jirani yao Boga, mtu wa mzaha, panga begani.

"Hodi, shemeji! Nyumba yenu yafuka kama ya bwana arusi. Mnamfukiza nani humo?"

"Karibu, shemeji," Mbeyu alijibu, wala hakucheka.

Boga akachungulia ndani, akaona ule utando, na yeye pia akaacha kucheka.

Chirau aliporudi alasiri, mama yake, Bi Mwanafatuma, alikuwa akimngoja kizingitini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyeswali swala zake zote kwa wakati na aliyezijua desturi za mji kuliko wanaume wengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chirau, siku ile ya kuchoma, mlango uliuacha upande gani?"

Hapa yafaa kueleza. Katika mji ule mtu hakuchoma koko vivi hivi. Asubuhi ya siku ya kuchoma, mwenye shamba alilizunguka akigonga bapa la panga, akiwaambia wote waliomo, wanaoonekana na wasioonekana, kuwa moto unakuja na watoke kwa amani. Kisha aliacha upande mmoja wazi, upenyo wa hatua chache usio na majani makavu, nao uliitwa mlango. Mlango ulielekezwa kwenye msitu. Na aliyeita hakutoka kwa mlango ule. Alitokea upande mwingine, kwa kuwa wanaohama humfuata anayewatangulia.

"Niliuacha upande wa huku," Chirau alisema.

"Huku wapi?"

"Huku nyumbani, mama. Mimi nilichelewa kufyeka. Pande zote tatu wenzangu walikuwa wamekwisha choma. Ningewaelekeza wapi, kwenye majivu?"

"Na wewe ulitokea wapi?"

Chirau akatazama chini.

"Ilikuwa Ijumaa. Nilisikia adhana, nami sijaoga. Nikaona nikizunguka swala itanipita. Nikakata njia."

"Ukapita mlangoni."

"Nikapita mlangoni."

"Ukaja moja kwa moja mpaka hapa."

Ndani, Mwanasha alikohoa, na kikohozi cha pili kikafuata. Bi Mwanafatuma akafunika mdomo kwa leso yake.

Siku mbili zilizofuata mtoto alizidiwa. Chirau alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mwendo wa saa moja na zaidi, akapewa dawa ya chupa, na mganga wa pale akasema maneno ya kweli: "Mwondoeni penye moshi." Chirau akashukuru. Aliporudi alitazama kushoto na kulia kwa njia, na kote alikotazama, kuanzia upande wa Galu mpaka upande wa Shimoni, nguzo za moshi zilikuwa zimesimama.

Ndipo Bi Mwanafatuma alipofanya alivyofunzwa na mama yake, ambavyo mwanamke yeyote wa pwani angevifanya kwa mtoto wa kifua aliyeshukiwa kuwa na jini. Alileta chetezo na makaa, akatia ubani na majani ya mvumbasi, akamketisha Mwanasha juu ya kigoda, akamfunika shuka nyeupe toka utosini hata chini, chetezo kikiwa miguuni pake.

"Vuta, mjukuu wangu. Vuta kwa nguvu. Litatoka."

Ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua lilikuwa kali nje. Mbeyu alikuwa amepiga magoti ameishika ncha moja ya shuka, na mwanzoni aliona kichwa kimoja tu kikiinuka na kushuka kwa pumzi, kichwa kidogo cha mwanawe alichokisuka juzi, kisha moshi ulipozidi shuka ikaanza kutuna, ikatuna ubavuni ambako hapakuwa na mtu, ikainuka polepole mpaka kando ya kichwa cha mtoto pakawa na kichwa cha pili, kikubwa zaidi, kimemwegemea kama mzazi anavyomwegemea mtoto aliyesinzia, na pumzi mbili zikawa zinavuta ule moshi kwa pamoja, moja ya taabu na moja ya raha.

"Mama," Mbeyu alinong'ona, "uondoe moto."

"Nyamaza, mkaza mwana, inafanya kazi."

"Uondoe moto! Unamlisha!"

Mbeyu akaivuta shuka. Chini yake alikuwa Mwanasha peke yake, macho yamepinduka, midomo ya kijivu.

Mwalimu Abdulrahim alikuwa mtu wa Shimoni aliyekuja mjini kila Alhamisi kusomesha Kurani chuoni na kurejea kwao Jumamosi. Alikuwa mpole na mwenye elimu. Alipoingia nyumba ile siku iliyofuata, jambo la kwanza aliloamuru ni kwamba pasiwashwe kitu chochote tena humo ndani, si jiko, si ubani, si taa ya mafuta. Kisha akakaa chini karibu na mtoto, akamsomea Ayatul Kursiyu sikioni mara saba.

Mara ya saba Mwanasha akafumbua macho, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu na nyembamba, kama makuti yanavyolia yanapoanza kushika moto.

"Sikuja kwa ubaya," ilisema.

"Umekuja kwa nini?" aliuliza Mwalimu.

"Niliambiwa nitoke, nikatoka. Nilioneshwa mlango, nikapita. Aliyeniita alitangulia, nikamfuata mpaka kwake."

"Hapa si pako. Mche Mwenyezi Mungu, mwache mtoto huyu, urudi msituni."

"Nami namcha. Nioneshe msitu."

Mwalimu akainuka na kwenda mlangoni. Mbele yake palikuwa na visiki vyeusi, na baada ya visiki mashamba meusi ya jirani, na baada ya hayo mengine yaliyokuwa bado yakifuka. Alirudi akaketi, na Chirau akasogea mbele yake.

"Mwalimu," alisema, "nichukuliwe mimi. Mwambie anichukue mimi. Ni mimi niliyeita."

Mwalimu akamuuliza. Ile sauti ikajibu bila hasira, "Yeye kifua chake kimefungwa. Cha mtoto kiko wazi."

Basi Mwalimu aliandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, akaagiza Mwanasha anywe kwa siku saba ili apate nguvu za safari. "Alhamisi nitarudi," alisema, "na Jumamosi nitampeleka kwangu pamoja na mama yake. Nyumba yangu yatazama bahari. Upepo wa kule hauna moshi, na jini asiye na moshi wa kupanda hawezi kumfuata. Lakini mpaka siku hiyo, moshi mpya usiifikie nyumba hii. Mmenielewa?"

Walimwelewa. Chirau alizunguka kwa majirani akiwaomba. Mbeyu alipika kwa wifi yake, mbali. Utando wa chini ya paa ukaanza kupungua, na siku ya nne Mwanasha aliketi mwenyewe, akaomba uji, akamuuliza baba yake kama baharini kuna watoto. Shamba lililobaki bila kuchomwa karibu nao lilikuwa moja tu, la Boga.

"Nisichome, nami watoto wangu wale nini?" Boga aliuliza, kisha akaona macho ya Chirau. "Jumamosi, ndugu yangu. Nitangoja mpaka aondoke. Wallahi sitawasha hata kiko."

Na Boga alitimiza ahadi yake. Hili lisemwe wazi, kwa maana watu walimlaumu baadaye. Siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na Boga miongoni mwao, cheche ilipeperuka kutoka shamba la mbali lililodhaniwa limekwisha zimika, ikapita juu ya minazi, ikaangukia katika majani makavu ya Boga. Watu walikimbia na matawi na ndoo wakiwa katika kanzu zao za Ijumaa, Mwalimu Abdulrahim pia, lakini koko lililokauka siku thelathini haliulizi ndoo, na moshi wake ukainama chini ya upepo, ukayapita mashamba meusi kama mto unaoijua njia yake, ukaja moja kwa moja mpaka pale Chirau alipopita siku ile akikimbilia kuoga.

Mbeyu alikuwa ndani na mtoto. Alifunga milango yote miwili, akaziba nyufa kwa leso, kwa kanzu ya mumewe, kwa matandiko, akamlaza Mwanasha mapajani na kumfunika kwa mwili wake, lakini nyumba ya udongo na makuti ina matundu mengi kuliko mikono ya mama, na moshi uliingia kwa juu, bila haraka, ukateremka ukutani, ukaketi kando yao. Alimsikia mwanawe akikohoa mara mbili fupi. Akangoja ile ndefu. Ilitoka pembeni, penye mtungi. Mapajani pake hapakutoka tena kitu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Walimzika alasiri ileile, siku saba kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Mwalimu, aliyepaswa kumpeleka kwake kesho yake, ndiye aliyemswalia.

Mvua zilipokuja, utando uliondoka katika nyumba, na maji ya mtungini yakawa na ladha ya maji. Bi Mwanafatuma alisema jini limekwenda. Hakupata kuuona msimu mwingine. Alifariki katika mwezi wa Rajabu. Chirau hakupanda shamba lile. Aliliacha makusudi, koko lirudi, na kila wiki alikwenda kutazama. Mwaka ulipotimia majani yalikuwa hayajamfika gotini.

Kisha msimu ukafika tena, na watu wakachoma, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya ila kuchoma. Chirau na Mbeyu walijifungia. Walikuwa wamekaa kimya alasiri moja, nyufa zimezibwa, waliposikia nje ya mlango wa mbele mtu akikohoa. Mara mbili fupi. Mara moja ndefu. Kisha akavuta kamasi.

Mbeyu akainuka. Chirau akamtangulia mlangoni, akaweka mkono juu ya komeo.

"Si yeye, Mbeyu. Wajua kuwa si yeye."

"Najua."

"Basi kaa."

"Najua si yeye, Chirau. Lakini kikohozi ni chake." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Mwaka mzima sijakisikia."

Nje, kikohozi kikaja tena, karibu zaidi na chini, mahali pa kinywa cha mtoto wa miaka saba. Chirau alisoma aya alizoweza kukumbuka. Alikumbuka kwamba hakuna aliyemwita yule kiumbe kuja huku ila yeye, na kwamba alimwita kwa amani, na kwamba nje hapakuwa na msitu.

Akavuta komeo.

Moshi uliingia ukiwa chini, ukapita kati yao, ukaenda pembeni penye mtungi, ukakaa. Mbeyu alikuwa amekwisha shusha mkeka mdogo wa Mwanasha kutoka uchagani. Akautandika pale, akaketi kando yake, mkono wake juu ya mkeka.

Chirau akaegemea ukuta. Koo lilimwasha. Alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume.

Pembeni pakawa kimya kidogo. Halafu, taratibu, pakaanza kujifunza.