Dawa za Kuazimana

Huku kwetu mlimani, juu ya Bigwa, tunaazimana kila kitu. Jembe, chumvi, hata moto wa jikoni. Ubaya wake, tukaanza kuazimana na dawa.

Paskalia, mkulima wa karoti, alikuwa na kisukari. Wakati wa mvua mafua yalitupata wengi. Wenzake tukapona, yeye hakupona. Pua iliziba, ikatoa usaha wa kijani. Akiinama kung'oa karoti, uso wote unamuuma.

"Shoga, kunywa hivi," jirani yake Chausiku alimwambia. Akampa vidonge vilivyobaki nyumbani kwake.

Paskalia alikunywa, akapata nafuu. Vilipokwisha, ugonjwa ukarudi. Akaazima vingine, ukarudi mkali zaidi. Asubuhi moja aliamka jicho limevimba, halifunguki vizuri.

"Mungu wangu, nitapofuka!" alilia.

Mumewe, Amosi, hakusubiri chai. Alimkimbilia Felista, mhudumu wa afya wa kijiji. Felista alipoliona jicho, aliogopa.

"Dada Paskalia, hili si la kukaa nalo nyumbani. Twende hospitali sasa hivi."

"Lakini dawa nimekunywa, Felista! Jirani zangu waliniazima."

"Umekunywa mabaki ya watu. Ndani ya mifupa ya uso kuna nafasi zinazofunguka puani. Njia ikiziba, bakteria hukaa humo. Dawa isiyofaa, au isiyotosha, huwaacha wengine hai, nao huwa sugu. Na sukari je, umepima?"

Paskalia aliinamisha kichwa. "Sijapima tangu tupande."

"Basi ndiyo hiyo! Sukari ikipanda, kinga ya mwili inashuka. Ugonjwa mdogo kwa mwenzako, kwako unakuwa mkubwa."

Hospitalini alilazwa. Usaha wake ulipimwa ili ijulikane dawa ipi inawaua bakteria wale. Alichomwa sindano, sukari ikashushwa. Polepole uvimbe ulipungua, jicho likafunguka. Alirudi nyumbani na vidonge vya kumalizia.

Chausiku alikuja kumpa pole. Naye sikio lilikuwa linamuuma. Akaviona vidonge mezani.

"Shoga, nigawie viwili tu. Wewe si umepona?"

"Sikupi."

"Makubwa! Tangu lini tunanyimana?"

Paskalia aliona haya, maana vya Chausiku alivipokea. Hata hivyo alivichukua vidonge vyake, akavifungia kabatini.

"Hivi nimeandikiwa mimi, na lazima nivimalize. Ningechelewa siku ile, leo nisingekuona. Vaa viatu, nakusindikiza zahanati."

Chausiku alinuna njia nzima. Lakini alikwenda.