Gari Lililodekezwa

Kila asubuhi, kabla babu hajashusha miguu kitandani, Kiherehere alikuwa ameshafika na maji, viatu na fimbo. Jina hilo la utani alipewa nyumbani, na jamani, lilimfaa! Tangu babu afanyiwe upasuaji wa goti, msichana huyo hakumwacha ainuke hata kufungua dirisha. "Kaa, babu, kaa! Nitakuletea." Aliogopa sana asije akaanguka.

Daktari alikuwa ameshawaonya kwamba miguu ya babu inaishiwa nguvu, na asipoanza kutembea, huenda asitembee tena. Kiherehere alisikia, lakini moyo ulimkatalia.

Jumamosi moja gari la babu lilianza kutetemeka na kukosa nguvu. Baba aliliendesha likijikokota hadi gereji ya dada yake, huku babu na Kiherehere wakiwa kiti cha nyuma.

Shangazi alifungua sehemu ya injini, akamulika tochi ndani ya tundu la kuingizia hewa. Valvu, vile vilango vya kupitishia hewa, zilikuwa zimefunikwa na masizi meusi, magumu.

"Mh! Shangazi, uchafu wote huu umetoka wapi?" Kiherehere aliuliza.

"Katika injini ya aina hii, petroli hunyunyizwa ndani kabisa. Haipiti hapa ikaziosha valvu. Mvuke wa oili ukifika hapa, unaganda na kuungua. Kwani gari hili huwa mnaenda nalo wapi?"

"Dukani tu, pale kwenye kona," baba alijibu. "Tunalitunza, mzee akipona alikute zima."

Shangazi alicheka. "Kaka, umelidekeza! Injini haijapata moto vizuri, wewe unaizima. Masizi nayo yanazidi kujaa."

Alizilowesha valvu kwa dawa, akazisugua kwa brashi na kuvuta uchafu wote kwa mashine, mpaka chuma kikaonekana. Kisha akabadilisha oili. "Oili msiicheleweshe tena. Na kila wiki lipelekeni safari ndefu, lipate moto sawasawa."

Babu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisikiliza, alikohoa kidogo. "Binti yangu, nadhani na mimi nimedekezwa." Akakita fimbo chini, akaanza kuinuka.

Kiherehere alimrukia. "Babu, utaanguka!"

"Mwache," shangazi alisema, akimshika bega.

Magoti yalitetemeka, babu akarudi kukaa. Kiherehere akaangua kilio. Babu akajaribu tena, na safari hii akasimama. Alipiga hatua, kisha nyingine, mpaka kwenye gari. Baba akamfungulia mlango.

"Bado," babu alisema. "Nataka kufika getini."

Shangazi alichuchumaa, akamfuta Kiherehere machozi. "Mwanangu, unampenda babu yako, sote tunaliona. Lakini goti lake linahitaji kazi ndipo lipone. Ukimfanyia kila kitu, unamnyima nguvu zake. Mwache ajaribu, wewe uwe karibu naye."

Kiherehere aliitikia kwa kichwa. Alificha mikono nyuma ya mgongo, isije ikamdaka babu yenyewe, akamfuata polepole.

Babu aligeuka, jasho likimtiririka, akatabasamu. "Haya, tembea basi! Unanichelewesha."