Khanga Juu ya Mota

Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala njaa kwangu. Shule niliishia darasa la pili. Mkasa huu ulinikuta enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka ishirini, mke wa mtu kule Saza, kwenye machimbo ya dhahabu.

Mume wangu, Yohana, alilinda mota ya kuvuta maji shimoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutazama kipimajoto kilichochomekwa mgongoni mwa mota. Joto likivuka alama nyekundu, awaite walio chini wapande, kisha azime mota ipoe. Huko chini alikuwamo kaka yangu Eliya, mtoto pekee wa kiume wa mama yetu.

Siku hiyo ya manyunyu nikampelekea Yohana ugali wa mchana. Nikakuta nini, jamani? Mota imetandikwa khanga zilizolowa ili joto lake lizikaushe, hata matundu yake ya kupitisha hewa hayaonekani! Na kipimajoto... kimelazwa ndani ya kikombe cha maji baridi, ili nyapara akipita akute kinasoma chini!

Lakini mimi nilishikwa na zile khanga. Nilizijua. Za yule mwanamke muuza pombe wa kilabuni kwetu!

"Baba Tumaini, tangu lini umekuwa dobi wa kilabuni?"

Akacheka, ugali umemjaa mdomoni. "Mama Tumaini, wivu wako una moto kuliko mota hii."

Nikamtemea mate miguuni, nikabeba bakuli langu, nikaondoka. Kikombe nilikiona... nikakiacha!

Hata nyumbani sijafika, nikasikia harufu ya kuungua, kisha mayowe. Mota ilikuwa imekufa, maji yanapanda. Wanaume wanne walitoka. Eliya alikuwa mbali na ngazi...

Msibani Yohana alilia kuliko mama yangu, eti mashine ilikuwa mbovu. Kichefuchefu! Nikasimama mbele ya watu wote nikazitaja zile khanga, na siku hiyohiyo nikamwacha. Lakini kikombe sikukitaja. Wangeniuliza: nawe uliyekiona, ulifanya nini?

Mama alikufa akinisifu kwamba nilisema kweli.

Sasa wajukuu zangu wana mashine za kusaga hapa Tunduma. Nawaambia wao, nawaambia na ninyi: kipimo msikidanganye, na mota haivikwi nguo! Iguseni ubavuni, kiganja kikishindwa kukaa, zimeni. Na wewe mwanamke mwenzangu, ukikuta aibu kama ile, khanga ziache zisubiri. Pigia kelele kikombe kwanza!