Kikao cha Alhamisi Moja

Saa moja na nusu jioni, Alhamisi, Daktari wa mifugo alikuta banda la mbwa la kliniki yake liko wazi, mbwa hayumo, na mlinzi wa lango hayupo. Mbwa huyo aliletwa Jumatatu na tajiri mmoja mwenye hasira za karibu, achomwe sindano ya kufa Ijumaa kwa kosa la kumng'ata mgeni.

Mlinzi alirudi saa mbili akihema, akasema alikwenda kikao cha walinzi tawi la pili, akakuta mlango una kufuli. Simu yake iliyomwonyesha kikao ilikuwa imeisha chaji. Inspekta wa polisi aliyeitwa na Daktari, mwanamama aliyekuwa na usingizi wake, alifungua kalenda kwenye kompyuta ya mapokezi. Vikao vyote vilikuwa Ijumaa asubuhi.

"Mzee, unanidanganya macho makavu. Za mwizi arobaini." Akamweka mahabusu, simu akaitupa drooni.

Haraka haraka, wanasema, haina baraka. Asubuhi mke wa mlinzi alileta dawa ya presha ya mumewe. Hakulalamika, alishukuru hata kupewa benchi. Shukrani ile ilimuuma Inspekta kuliko matusi. Akaitoa ile simu, akaichomeka chaji, kazi ambayo angeweza kuifanya jana bila kutoka jasho.

Simu haikuwa na bando la intaneti, kwa hiyo ilionyesha kalenda kama ilivyoipokea mara ya mwisho. Kikao kilikuwepo: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Chini yake: "Hufanyika kila Alhamisi saa nne asubuhi. Cha wiki hii pekee kimehamishwa."

Alirudi kliniki mbio, moyo mzito. Mfagizi, aliyeajiriwa Jumatano, alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Jana jioni nilikuwa stoo, Afande. Nilisinzia kidogo."

"Kusinzia si kesi. Daktari, vikao vilihamia Ijumaa lini?"

"Jumanne mchana, nilipotoka safari. Nilibonyeza mara moja tu, mfululizo mzima ukahama."

"Na kama kimoja kilishachomolewa kikapewa saa yake peke yake?"

Daktari alifikiri. "Hicho hubaki kilipo. Hakiwafuati wenzake tena."

"Na kalenda hii inabadilishwa wapi?"

"Kwenye kompyuta hii tu."

Inspekta akavuta kiti. "Basi kilichomolewa kabla ya Jumanne mchana, vikao vikiwa bado vya Alhamisi. Na mbwa kaletwa Jumatatu. Mfagizi hakuwa ameajiriwa, Daktari ulikuwa safarini, na kuweka saa kumi na mbili ni kutaka lango libaki tupu jioni. Tangu Jumatatu hadi Jumanne mchana nani alikaa mapokezi?"

Msaidizi wa Daktari, dada mpole waliyemwita Sindano kwa sababu sindano zote chungu aliachiwa yeye, alivua glavu polepole.

"Mimi," alisema. "Nilipanga baadaye nikirudishe saa nne asubuhi, hakuna ambaye angejua. Jana nilipofungua, wenzake wote walishahamia Ijumaa, hapakuwa na pa kukirudisha. Nikakifuta."

"Kwa nini, Sindano?" Daktari aliuliza.

"Kila aliyemchoka mbwa wake ananiletea mimi, Daktari. Wewe unatoka nje, mimi nabaki namshika kichwa. Yule alinilamba mkono nikimpima uzito. Nikasema huyu, hapana. Yuko uani kwa mama yangu."

"Na mzee wa watu akalala ndani huku unajua?" Inspekta aliuliza.

"Nilidhani watamkaripia tu. Nikaogopa kusema. Sijalala, Afande."

"Mimi nimelala," Inspekta alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Inspekta na Sindano walikwenda kituoni. Mlinzi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Sindano alipiga magoti mbele yake, akaeleza yote bila kujitetea. Inspekta naye akasema, "Na mimi sikukusikiliza, mzee wangu. Nisamehe."

Mzee alimgeukia Sindano.

"Mbwa yuko hai?"

"Yuko hai, baba."

"Vizuri. Mbwa umemwonea huruma."

Sindano akaangua kilio. Inspekta, ambaye hakuwa amemwonea huruma hata mbwa, aliinama kumtafutia mzee viatu vyake chini ya benchi.