Kihamba Chini ya Theluji

Basi-tandu lilipanda mlima kwa miguu yake mingi ya chuma, kila mguu ukitoboa theluji na kupapasa mwamba kabla ya kukanyaga. Halikuwa na dereva. Ubongo-umeme ndio ulioliongoza. Nje, vihamba vya zamani, mashamba ya ukoo yazungukayo nyumba, vilikuwa weupe mtupu, migomba imekaukia palepale ilipopandwa.

Injinia Aminiel alitazama dirishani. Ile minara ya kileleni, vifuma-theluji, aliibuni yeye. Ilikamata mawingu ikayagandisha, theluji ya Kibo iliyokwisha ikarudi, mito ikajaa, mji wa tambarare ukapata maji. Ila baridi haikukubali kukaa juu. Kila kipupwe iliteremka chini zaidi, ikafukuza watu. Mama yake alikataa kuhama, akafa kwa baridi jikoni kwake. Tangu mazishi, kaka yake Elingaya hajasema naye.

"Unakwenda kwa nani, baba?" aliuliza mama wa kiti cha jirani, kajifunga blanketi mpaka kidevuni.

"Kwa kaka yangu. Kuomba msamaha."

"Mikono mitupu hivyo?"

"Nitachuma jani la sale kwenye ua wa nyumbani. Ukoo wetu haupokei la kwingine."

Kwa Wachaga, mkosaji akija na jani la sale, aliyekosewa hana njia ya kumkatalia.

"Hapo sawa," mama akasema. "Marehemu mume wangu kaniletea mengi, ningeweza kupanda ua mzima!"

Abiria wakacheka. Hata Aminiel alicheka kidogo.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye ua wa mpakani mwa kihamba chao, akafukua theluji kwa mikono. Akapata mashina meusi, yameoza. Akasogea mbele, akafukua tena. Hayohayo.

Elingaya alitoka na chepe begani.

"Unatafuta nini hapo?"

"Sale, kaka."

"Yalikufa kabla ya mama."

Aminiel akapiga magoti. "Basi nisamehe hivihivi."

"Ningependa." Elingaya alishusha chepe chini. "Unadhani sitaki? Nimekaa humu natamani uje nalo, nishindwe kukataa. Hivihivi siwezi, mdogo wangu. Nimejaribu."

Akamwinua. Akampangusa theluji mabegani na kichwani, polepole, kama anamwandaa mtoto kwenda shule. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.